Mpaka Hogo Likauke

Mgeni alibisha hodi saa tatu asubuhi, na Najat akadhani amefuata suruali yake. Wateja wa mumewe Anuari, fundi cherehani, walikuwa na tabia hiyo. Wakichoka kuzungushwa kibandani, waliulizia nyumba ya fundi hapa Nyasho, wakaja kumshitaki kwa mkewe.

"Karibu, kaka," alisema kabla hata hajafika mlangoni. "Kama ni suruali, amesema imebaki vifungo tu."

Yule mtu aliitazama suruali aliyoivaa, kana kwamba na yeye ameanza kuitilia shaka. "Sijaleta suruali, dada. Namtafuta Najat Abdulnasir."

"Ndiye mimi."

"Naitwa Mihayo. Natokea kwenye shirika lako, makao makuu, Mwanza."

Najat alimpa kiti akaenda kumimina chai, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akiwa amebeba bahasha. Aliporudi alimkuta Mihayo ameinama akimtazama mtoto. Rashidi, miezi sita, alikuwa amelala chali kwenye mkeka, miguu yote miwili imefungwa hogo jeupe la bandeji na chokaa kutoka vidoleni hadi mapajani. Aliinyanyua kwa pamoja, akaipiga sakafuni, ko, ko, ko, kisha akacheka.

"Aliumia?"

"Hajaumia. Alizaliwa nyayo zimegeukia ndani. Wanazinyoosha kidogo kidogo, kila wiki hogo jipya."

"Naona na yeye anapiga hodi."

"Anapigaga hivyo kutwa nzima. Majirani wameshazoea."

Mihayo alitabasamu, akanywa chai, akatua kikombe kabla hakijafika nusu. Hapo Najat akajua kwamba maneno yanakuja.

Sheria ilikuwa imempa Najat siku zake themanini na nne za uzazi, na hizo hakuna aliyezidai. Lakini shirika lilikuwa na wema wa ziada: miezi mitatu mingine nyumbani kwa mshahara kamili, kwa sharti kwamba mama akimaliza arudi afanye kazi angalau nusu mwaka. Asiporudi, anarudisha mishahara hiyo mitatu. Tena awe na mdhamini, asiwe mume wala mtu wa nyumba moja. Najat alisaini tumbo likiwa limegusa meza ya ofisi, akiwa na furaha, akiamini sharti lile limeandikwa kwa ajili ya watu wengine. Alikuwa afisa lishe. Alikuwa akizunguka vijiji vya ukingoni mwa ziwa akiwafundisha akina mama kuchanganya unga wa dagaa kwenye uji wa watoto, na kila alipofika, watoto walimkimbilia wakimwita Mama Uji. Nani angeacha kazi kama hiyo? Mwezi uliopita alikuwa ameandika barua ya kuiacha.

"Wakinisubiri mpaka mwezi wa saba?" aliuliza. "Nikirudi, deni linafutika, si ndiyo?"

"Nafasi yako imeshapata mtu, dada. Ameanza jana."

"Ameanza jana," Najat alirudia.

"Samahani kuuliza. Ile mishahara, hakuna kilichobaki?"

Najat alionyesha kwa kidevu miguu ya Rashidi. "Iko hapo. Nauli, kliniki, viatu vya chuma. Hapo ndipo ilipoishia."

Mihayo aliitazama ile miguu. Alipoendelea, sauti yake ilikuwa imeshuka. Kulikuwa na njia moja tu aliyoruhusiwa kuitoa. Najat angeweza kulipa kidogo kidogo kwa mwaka mmoja, fungu la kwanza kabla ya mwezi huu kwisha, lakini mdhamini asaini upya. Mdhamini akikataa, shirika litamdai yeye fedha zote kwa mkupuo.

"Leo Jumanne nalala Tarime," alisema. "Alhamisi asubuhi nipo Butiama kwa mdhamini wako, Mzee Baltazar."

"Huwezi kwenda wiki ijayo?"

"Gari ni la ofisi. Ratiba inapangwa Mwanza." Alisimama, akasita mlangoni. "Mke wangu anajifungua mwezi wa saba."

"Na yeye yuko shirika?"

"Hapana. Anauza vitenge."

"Basi afadhali," alisema Najat, na wote wawili wakacheka kicheko kisichokuwa na kitu ndani yake.

*

Kilichomfanya aache kazi kilikuwa kosa la mapenzi, ndiyo maana hapakuwa na wa kumlaumu. Mahogo ya uchanga yalifanya kazi yake vizuri. Mtoto alipofikisha miezi minne nyayo zilikuwa zimenyooka, akapewa viatu viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, avae usiku na mchana, avuliwe wakati wa kuoga tu. Sista Shija, nesi wa kliniki ya miguu kule Bunda, hakuchoka kurudia: mguu wa mtoto haujasahau ulikokuwa, ukiuachia unarudi.

Wiki ya mwisho ya Ramadhani shirika lilimwita Najat semina Mwanza, ajiandae kurudi kazini. Bi Mwanahalima, mama yake Anuari, akaja kutoka Bunda kukaa na mjukuu. Rashidi alilia kwa sababu ya vile vyuma. Bibi yake alivumilia mpaka adhuhuri ya siku ya kwanza, akavivua. Kisha akambeba mpaka sokoni akamnunulia viatu vya Idi, vidogo, vyeupe, vyenye utepe, kwa maana katika ukoo wao hakuna mtoto aliyewahi kuamkia Idi bila kitu kipya mwilini, sembuse afungwe chuma. Anuari alikuwa kibandani usiku na mchana akimalizia kanzu za watu. Akirudi alimkuta mwanawe amelala, akamshukuru Mungu kwamba leo halii.

Najat alirudi siku ya Idi yenyewe. Majirani walikuwa wakipokezana kumbeba Rashidi, kanzu yake ndogo, viatu vyake vyeupe, na kila mtu akisema mashaallah. Najat alivua kile kiatu cha kulia palepale barazani. Kisigino kilikuwa kimeanza kupanda, unyayo ukigeukia ndani tena.

"Alikuwa analia, mwanangu," Bi Mwanahalima alisema. "Mtoto analia, na mimi nina mikono. Ningefanyaje?"

Sista Shija alianza hogo upya, kila Jumatano. Yakiisha mahogo, vyuma tena, usiku na mchana, miezi. Hapo ndipo Najat alipoandika barua ile ya kuacha kazi, akae na mwanawe mwenyewe.

*

"Ungemwachia mama mtoto, ukarudi kazini," alisema Anuari jioni ya siku ile Mihayo alipokuja. Hakusema kwa ugomvi. "Safari hii anajua."

"Ataweza kumsikiliza akilia?"

Anuari alikuwa amelelewa na mama huyo huyo. Jibu alikuwa nalo. "Alimvua kwa mapenzi, Najat."

"Ndiyo hayo ninayoyaogopa."

Rashidi alipiga mahogo yake mkekani. Anuari alizungusha futi yake ya kupimia kidoleni, akaifungua, akaizungusha tena. "Niuze cherehani?"

"Uuze cherehani, ushone kwa meno?"

Wakacheka kidogo. Kisha Najat akasema kilichokuwa kinamsumbua tangu asubuhi. "Alhamisi yule kijana yuko kwa Mzee Baltazar. Lazima mimi nifike kesho."

"Mpigie simu."

"Siyo simu niliyomwahidi."

Mzee Baltazar alikuwa rafiki wa marehemu baba yake. Walikuwa na kibanda kimoja cha kutengeneza baiskeli pale Butiama, mpaka macho ya mzee yalipochoka akarudi kwenye kilimo. Siku Najat alipompelekea karatasi ya udhamini, hakuuliza mshahara wala masharti. Alisema jambo moja tu: "Mambo yakiharibika, nisikie kwako kwanza. Mtu wa ofisi asinikute sijui." Najat akamwahidi. Ilikuwa ahadi nyepesi, kama ya mtu anayeahidi kuleta chumvi.

"Kesho ni hogo," Anuari alikumbusha.

"Najua."

"Na huko Butiama huendi na mtoto mwenye hogo bichi, masika haya."

"Najua, baba Rashidi."

Alijua yote. Kujua hakukumsaidia kitu.

*

Jumatano jua la Bunda lilikuwa kali na safi, jua lile la masika linalowadanganya watu waanike vitu. Sista Shija alimaliza kuviringisha bandeji yenye chokaa, akasugua kisigino kwa kiganja mpaka kikapata umbo lake. "Mpaka likauke vizuri, lisiguse maji, lisilaliwe," alisema. "Kisigino kikibonyea, mama, tunakuwa tumefanya kazi bure wiki nzima. Na hizi wiki huna nyingi za kuchezea. Mfupa unakomaa."

Nyumba ya Bi Mwanahalima haikuwa mbali na hospitali. Uani turubai lote lilikuwa jeupe kwa udaga, mihogo aliyoivundika na kuimenya mwenyewe, imeanikwa vipande vipande, ikiwa imebakiza jua la siku moja iende mashineni. Unga wa udaga ndio uliokuwa ukimweka mjini.

"Anuari amenipigia, ameniambia yote," alisema kabla Najat hajakaa. Alionyesha turubai. "Huo ni wenu. Keshokutwa nasaga, Jumamosi nauza. Fungu lenu la kwanza hilo hapo, mwanangu."

Najat alitaka kukataa. Maneno hayakuja. Alisema tu kilichomleta: kwamba anahitaji kwenda Butiama na kurudi, na kwamba Anuari yuko kibandani Nyasho, hana wa kumwachia mtoto.

Bi Mwanahalima alirudisha mikono yake nyuma, akaificha ndani ya khanga. "Usiniachie mimi."

"Mama..."

"Nimeshamharibu mara moja. Mtafute mtu mwingine."

"Sina mtu mwingine, mama."

Walitazamana. Mwishowe Bi Mwanahalima aliketi juu ya mkeka, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu yake na kuitoa mikono ndani ya khanga. "Niambie masharti."

"Hogo ni bichi. Likigusana na godoro, kisigino kinabonyea. Miguu ibaki juu mpaka likauke."

"Sitamweka chini mpaka urudi."

"Ukichoka unaweza kumlaza kidogo, uweke mto..."

"Nimesema mpaka urudi," alisema Bi Mwanahalima. "Nenda."

*

Najat alishuka Makutano, akachukua bodaboda hadi Butiama. Alimkuta Mzee Baltazar zizini, bomba la dawa ya kupe mgongoni, akiwanyunyizia ng'ombe wake wawili wa kulimia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti Abdulnasir! Mbona mikono mitupu? Mjukuu wangu umemtupa wapi?"

"Yupo Bunda kwa bibi yake. Nimekuja kukuambia jambo kabla hujalisikia kwingine."

"Eh?"

Masikio ya mzee nayo yalikuwa yamefuata macho kuchoka. Najat alisogea, akaanza upya kwa sauti zaidi. Mzee aliweka kiganja sikioni. "Umeshinda nini?"

"Nimeshindwa! Nimeacha kazi, mzee, na nimeshindwa kurudisha fedha za shirika!"

Nyumba ya pili mama mmoja aliyekuwa akitwanga aliacha kutwanga. Najat alisikia ule ukimya, akaendelea. Alieleza miguu, viatu vya Idi, barua, Mihayo, na udaga wa mama mkwe utakaolipa fungu la kwanza. Mengine ilibidi ayaseme mara mbili, na mara ya pili yalikuwa mazito kuliko ya kwanza.

Mzee Baltazar alitua bomba chini taratibu.

"Kwa hiyo kesho anakuja."

"Ndiyo."

"Nikikataa kusaini?"

"Watakudai wewe zote, kwa mara moja."

"Nikisaini?"

"Watanisubiri mimi, mwaka mzima. Nikikosa mwezi, wanakuja kwako."

Mzee aliwageukia ng'ombe wake. Mmoja alikuwa akilamba bomba. Akamsukuma pua kwa goti. "Sina kingine ambacho mtu wa ofisi anaweza kukifunga kamba akaondoka nacho," alisema. "Shamba ni la ukoo. Baiskeli haina mnyororo. Ni hawa tu."

"Najua, mzee."

"Naogopa, mwanangu. Sikudanganyi."

Najat alikuwa amejiandaa kugombezwa. Njiani alijiandaa hata kufukuzwa. Hakujiandaa kumwona mzee aliyembeba akiwa mtoto akisimama mbele yake akikiri kwamba anaogopa, na yeye ndiye aliyeileta hofu ile mpaka zizini kwake. Alitafuta neno la kumtuliza, akaona kwamba kila neno alilonalo ni ahadi nyingine.

"Nitalipa," alisema hata hivyo. "Nitapika uji wa lishe, nitauza stendi asubuhi na mtoto mgongoni. Sijui kama utatosha."

"Uji," mzee alisema, akitikisa kichwa. Kisha akaongeza: "Baba yako naye alikuwaga hivi. Akimharibia mtu baiskeli, anamfuata mpaka kwake kumwambia, mwenyewe hajajua hata. Tulipoteza wateja!"

"Hawakurudi?"

"Wengine walirudi." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Nitasaini. Lakini usinishukuru, maana sijui kama nafanya vizuri au nafanya ujinga. Na sasa nenda, tazama wingu lile. Limekaa upande wa Bunda."

Najat alitazama. Anga ya upande ule ilikuwa nyeusi mpaka chini.

*

Mvua ilikuwa imekwisha kabla hajafika. Barabarani maji yalikuwa bado yakikimbia, na watoto wa Bunda walikuwa wametoka kuyachezea. Najat alivuka mtaro, akaingia uani kwa mama mkwe wake, akasimama.

Udaga ulikuwa palepale ulipoachwa. Turubai lilikuwa limejikusanya katikati kama beseni, na ndani yake vipande vimevimba, vimelegea, vingine vimegeuka uji wa kijivu. Kuku wawili walikuwa wakidonoa pembeni. Hakuna mkono uliougusa.

Alidhani mtoto ameugua, wamekimbilia hospitali. Alipita mlangoni akiwa na viatu vyake vya matope.

Bi Mwanahalima alikuwa ameketi palepale, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Rashidi alikuwa amelala mapajani mwake, na ile miguu myeupe imelazwa juu ya mkono wake wa kushoto, imeinuliwa, haigusi kitu kingine. Mlango ulikuwa umetazama uani. Alikuwa ameketi akiutazama udaga wake ukilowa, tangu tone la kwanza.

"Niliita," alisema kwa sauti iliyokauka. "Mabati yalikuwa yanapiga kelele, hakuna aliyesikia. Kila mtu alikuwa anakimbizana na vyake."

"Mama. Ungemlaza kitandani dakika moja tu, uvute turubai."

"Nilikuambia mpaka urudi."

Najat alipiga magoti. "Alilia?"

"Alilia sana. Anataka kugeuka, hawezi. Na mimi nikalia." Aliitazama mikono yake. "Mikono ninayo. Nikaikataza."

Nje kuku walikuwa wanagombana. Fungu la kwanza lilikuwa linaelea uani, na kesho mzee mmoja Butiama angeweka saini yake juu ya ng'ombe wake akiamini kwamba lipo. Najat alifikiri, kwa muda mfupi tu, ingekuwaje kama mikono hii ingejua kujikataza wiki ile ya Idi. Angekuwa kijijini leo, wanamwita Mama Uji. Aliliacha wazo lile lipite. Nafasi ilikuwa na mtu mwingine tayari, na mama huyu alikuwa amelipa kwa kile alichokuwa nacho, mahali ambapo hakuna risiti inayotolewa.

Alikunja kidole, akagonga hogo taratibu, kwanza la kulia, kisha la kushoto. Ko. Ko. Aliinama akakagua visigino kimoja kimoja. Havikuwa na bonyeo hata moja.

"Limekauka?" Bi Mwanahalima aliuliza.

"Limekauka, mama."

"Umerudi?"

"Nimerudi."

"Basi mchukue," alisema Bi Mwanahalima, na hapo ndipo alipoulegeza ule mkono. "Miguu yangu imekufa ganzi, siwezi kusimama."